Draiva inayoondoka bila kurudisha ilichochukua: dalili, vyanzo na tiba katika kerneli ya Linux

Draiva ikipakiwa, kifaa kikawaka na data ikasomeka, wengi huona kazi imekwisha. Bado zipo njia mbili ambazo mwandishi mwenyewe huenda hajazipita hata mara moja: probe (fanksheni ya draiva inayoandaa kifaa) inaposhindwa katikati, na kifaa kinapotenganishwa na draiva yake. Hitilafu za kurudisha rasilimali karibu zote zimejificha humo. Na usidhani njia hizo ni za nadra. Kwenye bodi za ARM, kloki au regyuleta (kidhibiti cha umeme) ikichelewa kuwa tayari, probe hurudisha -EPROBE_DEFER, yaani -517, kisha kerneli hujaribu tena baadaye. Kila jaribio lililoshindwa limepita kwenye njia ya makosa, na kama njia hiyo inavuja, inavuja kila bodi inapowashwa.

Nitatumia draiva moja ya mfano iitwayo kipimo. Ni ya kifaa cha aina ya platform, imeandikwa kwa C, na ina rejista, kloki moja, intarapti moja (ishara ya kifaa kwa prosesa), kazi moja inayowekwa foleni na faili moja chini ya /dev.

## Kwanza ilazimishe ishindwe

Kusoma msimbo ukitafuta hitilafu isiyoonekana kunachosha na mara nyingi hakuzai kitu. Ni afadhali uifanye ijitokeze. Jenga kerneli ya majaribio ukiwa umewasha CONFIG_KASAN (hukamata matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa), CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK (hutafuta kumbukumbu iliyovuja), CONFIG_DEBUG_OBJECTS pamoja na CONFIG_DEBUG_OBJECTS_FREE na ndugu zake wa taima na kazi za foleni, CONFIG_DMA_API_DEBUG, CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE, na CONFIG_FAULT_INJECTION pamoja na CONFIG_FAILSLAB na CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS. Itakuwa nzito na itakula kumbukumbu, kwa hiyo haifai kupelekwa kwa mteja.

Kisha tenganisha na uunganishe mfululizo:

```
cd /sys/bus/platform/drivers/kipimo
for i in $(seq 1 200); do
    echo 40010000.kipimo > unbind
    echo 40010000.kipimo > bind
done
```

Hili lina ukali kuliko modprobe -r. Moduli yenye faili lililofunguliwa hukataa kuondolewa kwa sababu kaunta yake ya matumizi haijafika sifuri, lakini unbind haiitazami kaunta hiyo hata kidogo. Inakata papo hapo.

Hatua inayofuata ni kupenyeza kosa kwenye kila ombi la kumbukumbu, moja baada ya jingine:

```
echo N > /sys/kernel/debug/failslab/ignore-gfp-wait
for n in $(seq 1 80); do
    echo $n > /proc/self/fail-nth
    echo 40010000.kipimo > bind
    echo 0 > /proc/self/fail-nth
    echo 40010000.kipimo > unbind
done
```

Mstari wa kwanza usiuruke. Bila huo, maombi ya GFP_KERNEL hayaguswi, nawe utajidanganya kwamba draiva ni nzima. Tena endesha haya ndani ya bash ukiwa root, si kwa sudo tee, kwa sababu kosa hufungwa kwenye mchakato ulioandika fail-nth; tee ni mchakato mwingine, kwa hiyo kosa halitaufikia wito wa bind. Namba ndogo za mwanzo zitaangukia kwenye kufungua faili lenyewe na utaona ENOMEM kabla probe haijaguswa. Endelea kupanda.

Sasa soma dmesg, yaani logi ya kerneli.

## Dalili: mara ya kwanza inakubali, mara ya pili inakataa

Ujumbe huwa mmojawapo wa hizi: "sysfs: cannot create duplicate filename", au "can't request region for resource", au probe inarudisha -16, yaani EBUSY. Maana yake ni moja: kuna kitu kilichosajiliwa na hakikufutwa.

Jina au anwani iliyomo kwenye ujumbe inakutajia mwenyewe. Anwani za rejista zitafute kwenye /proc/iomem, intarapti kwenye /proc/interrupts, pini kwenye /sys/kernel/debug/gpio, na kloki kwenye /sys/kernel/debug/clk/clk_summary. Kukiwa na mstari wenye jina la draiva yako ilhali draiva haipo, umemkamata.

Angalizo kabla hujabonyeza enter: kama moduli imeshaondolewa na intarapti ikabaki, cat /proc/interrupts yenyewe inaweza kuangusha kerneli. Jina linalochapishwa pale mara nyingi ni maandishi yaliyokuwa ndani ya moduli, na kumbukumbu ya moduli imekwisha kurudishwa. Ukiona kerneli inaanguka kwa kusoma faili lisilo na hatia, tafuta nani aliondoka bila kuita free_irq.

Chanzo cha kawaida ni return iliyoandikwa mahali palipohitaji goto:

```c
    ret = clk_prepare_enable(k->kloki);
    if (ret)
        return ret;

    ret = request_irq(irq, kipimo_intarapti, 0, "kipimo", k);
    if (ret)
        goto zima_kloki;

    ret = misc_register(&k->misc);
    if (ret)
        return ret; /* intarapti na kloki vimeachwa */
```

Mistari ya namna hii huingia pale mtu wa pili anapoongeza kipengele kwenye draiva ya mtu wa kwanza. Lebo ipe jina la kile inachokirudisha, kama zima_kloki au achia_irq, wala si kosa1 na kosa2. Lebo za namba hukosewa siku hatua mpya inapoingizwa katikati, na mkaguzi hawezi kuona kosa kwa kusoma peke yake.

Pia fungua remove, fanksheni inayoitwa kifaa kinapotenganishwa, utazame kama kuna return mapema. Zamani remove ya platform ilirudisha int, na watu wakaamini kwamba wakirudisha kosa kifaa kitabaki kimeunganishwa. Haikuwa hivyo: kerneli iliipuuza namba hiyo ikaendelea kutenganisha, na kila kilichokuwa chini ya return kikavuja. Tangu kerneli 6.11 remove hiyo ni void, jambo lililoondoa kishawishi chenyewe. Ukirekebisha draiva ya zamani, usitosheke kubadilisha aina ya fanksheni. Hakikisha kila mstari wa kurudisha rasilimali unafikiwa hata kama kifaa hakijibu.

## Dalili: probe inasema imefaulu, kifaa hakifanyi kitu, unbind inaangusha mashine

Hii inachanganya kwa sababu logi haina kosa lolote. Tazama njia ya makosa kama inaweka namba ya kosa:

```c
    k->foleni = alloc_workqueue("kipimo", 0, 0);
    if (!k->foleni)
        goto achia_irq; /* ret bado ni 0 */
```

ret ilibaki na sifuri ya wito uliotangulia. Probe imerudisha kila kitu, kisha ikamwambia kerneli mambo ni shwari. Siku ya kutenganisha, remove inarudisha mara ya pili vitu vilivyokwisha kurudishwa. Smatch, chombo cha kukagua msimbo wa C, huikamata kwa ujumbe "missing error code", na kwa maoni yangu sababu hiyo pekee inatosha kuiendesha juu ya kila draiva mpya.

Ndugu yake ni kuchanganya NULL na pointa yenye namba ya kosa ndani. Anwani ya mwanguko hukueleza: ikiwa ni fffffffffffffff4, hiyo ni -12, yaani ENOMEM iliyotumiwa kama pointa; ikiwa ni fffffffffffffdfb, hiyo ni -517, kloki au regyuleta ambayo haikuwa tayari. Zikiongezewa kidogo, ni kwa sababu msimbo ulikuwa ukitafuta sehemu ya ndani ya struct. Tafuta ukaguzi wa !pointa palipotakiwa IS_ERR.

## Dalili: kumbukumbu inapungua taratibu

SUnreclaim (kumbukumbu ya kerneli isiyoweza kunyang'anywa) kwenye /proc/meminfo inapanda kila unapozungusha bind na unbind. Hapa kmemleak ndiye fundi:

```
echo clear > /sys/kernel/debug/kmemleak
# zungusha bind na unbind hapa
echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
sleep 6
echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
cat /sys/kernel/debug/kmemleak
```

Mara mbili si ushirikina. Kitu kichanga chini ya sekunde tano hakiripotiwi. Ripoti ina ukubwa wa kipande, jina la mchakato ulioomba, na mfululizo wa fanksheni zilizoitana mpaka ombi lilipofanyika. Soma mfululizo huo kutoka chini kwenda juu mpaka ufike fanksheni ya draiva yako.

Mfululizo mmoja utaukuta sana: dev_set_name, kobject_set_name_vargs, kvasprintf_const. Hapo mtu aliita device_register, ikashindwa, akarudisha struct kwa kfree. Kanuni ni kwamba baada ya device_register kuitwa, iwe imefaulu au imeshindwa, njia pekee ya kuachia ni put_device. Jina la kifaa ni kipande cha kumbukumbu kinachojitegemea, na kfree ya struct haikijui.

Uvujaji mwingine wa kila siku ni marejeo ya nodi za devicetree (mti wa maelezo ya vifaa vya bodi). Mzunguko wa for_each_child_of_node hushika nodi na kuiachia wenyewe ukienda mpaka mwisho. Ukitoka katikati kwa break, return au goto, nodi ya mwisho imebaki mkononi mwako, na of_node_put ni jukumu lako. Kama kerneli yako inayo, tumia for_each_child_of_node_scoped, inayoachia yenyewe utokapo.

Ukimya wa kmemleak si cheti cha uzima. Haifuatilii kurasa zilizoombwa moja kwa moja kwa alloc_pages wala ramani za ioremap. Kwa bafa za DMA tegemea CONFIG_DMA_API_DEBUG, ambayo hulalamika kwa maneno "device driver has pending DMA allocations while released from device" na kutaja idadi.

## Dalili: inaanguka wakati wa kutenganisha, lakini si kila mara

Hapa ndipo pa kukaa. Kumbukumbu iliyovuja itamaliza RAM baada ya wiki. Kitu kilichorudishwa mapema kuliko inavyopaswa kinaangusha mashine ya mtu leo, au kinaharibu data yake bila kusema.

Dalili ni KASAN kuandika "slab-use-after-free", au ujumbe "ODEBUG: free active" wenye timer_list au work_struct, au kwenye arm64 "synchronous external abort", au basi la mfumo kukwama bila neno lolote. Chukua draiva hii. Probe yake imetumia devm_kzalloc, devm_platform_ioremap_resource na devm_request_irq, fanksheni za devm ambazo rasilimali zake kerneli huzirudisha yenyewe, ila kloki iliwashwa kwa mkono. Remove inaonekana safi:

```c
static void kipimo_remove(struct platform_device *pdev)
{
    struct kipimo *k = platform_get_drvdata(pdev);

    misc_deregister(&k->misc);
    cancel_work_sync(&k->kazi);
    clk_disable_unprepare(k->kloki);
}
```

Kila kitu kinarudishwa. Kmemleak haina la kusema, na mkaguzi mwenye haraka ataipitisha. Lakini vitu vya devm hurudishwa baada ya remove kumaliza, si wakati wake. Kwa hiyo intarapti bado iko hai wakati kloki imeshazimwa. Chipu ikipiga intarapti katika mwanya huo, kishughulikiaji kinasoma rejista ya chipu isiyo na mapigo, na kwenye SoC (chipu zenye mfumo mzima) nyingi matokeo ni external abort au basi kuganda. Kuna ubaya wa pili kwenye mwanya huohuo: kishughulikiaji huita schedule_work. cancel_work_sync ilikwisha pita, kwa hiyo kazi inaingia foleni upya, kisha devm inarudisha struct ya kipimo, na kazi inaamka juu ya kumbukumbu ambayo si yake tena. Mwanya ni mdogo sana, ndiyo maana mashine huanguka leo na kesho ikakataa kuanguka mbele ya fundi.

Tiba haimo kwenye kuongeza msleep ndani ya remove. Nimeona viraka vya namna hiyo na vinaumiza, kwa sababu vinaficha dalili na kuacha ugonjwa. Tiba ni mpangilio. Kinachochukuliwa mwisho kirudishwe kwanza, kama koti linalovuliwa kabla ya shati, na intarapti iombwe baada ya kila kitu inachokihitaji:

```c
    k->kloki = devm_clk_get_enabled(dev, NULL);
    if (IS_ERR(k->kloki))
        return dev_err_probe(dev, PTR_ERR(k->kloki),
                             "kloki haikupatikana\n");

    ret = devm_work_autocancel(dev, &k->kazi, kipimo_fanya_kazi);
    if (ret)
        return ret;

    ret = devm_request_irq(dev, irq, kipimo_intarapti, 0,
                           dev_name(dev), k);
    if (ret)
        return ret;
```

Sasa wakati wa kuondoka intarapti inakatwa kwanza, kazi ya foleni inafutwa, kloki inazimwa, halafu ramani ya rejista na kumbukumbu. Hakuna mwanya. Rasilimali isiyo na devm yake ipe devm_add_action_or_reset ili iingie kwenye mnyororo uleule mahali pake. Kinachoua ni mchanganyiko: nusu devm, nusu mkono. Ukilazimika kuchanganya, vya mkono vichukuliwe baada ya vya devm vyote, kamwe visitangulie.

Taima ina mtego wake. Kama taima huweka kazi foleni na kazi hiyo huwasha taima tena, ukifuta mmoja mwingine anamfufua. Tangu kerneli 6.2 ipo timer_shutdown_sync, inayozima taima na kuifanya isikubali kuwashwa tena. Iite kwanza, kisha cancel_work_sync.

Na kama mstari wa intarapti unatumiwa na zaidi ya kifaa kimoja, iambie chipu yako iache kupiga kabla ya kuondoka. Usipofanya hivyo, jirani ndiye atakayeumia: "irq 45: nobody cared", kisha "Disabling IRQ #45". Kerneli hufika hapo baada ya intarapti 99,900 kati ya 100,000 kukosa mwenyewe, na lawama itaangukia draiva ambayo haikufanya kosa.

## Dalili: inaanguka programu inapofunga faili, muda mrefu baada ya unbind

Mtu alifungua /dev/kipimo. Kifaa kikatenganishwa. Baadaye programu ikasoma au ikafunga faili, na KASAN ikapiga kelele ndani ya release au read.

Chanzo ni devm_kzalloc. Uhai wa kumbukumbu yake umefungwa na muungano wa kifaa na draiva, ilhali uhai wa faili lililofunguliwa umefungwa na programu ya mtumiaji. misc_deregister huzuia tu wafunguaji wapya; aliyekwisha ingia yumo bado. Struct inayofikiwa kupitia faili iombwe kwa kzalloc na ipewe kref, yaani kaunta ya marejeo: probe inashika rejeo moja, open inashika jingine, release na remove kila mmoja anaachia lake. Kuita kref_get ndani ya open ya misc ni salama, kwa kuwa misc_open hushika kufuli lilelile ambalo misc_deregister hulihitaji.

Kref pekee haitoshi, maana rejista na kloki vimeondoka. Ndani ya remove, chini ya mutex, weka alama kwamba kifaa hakipo. Kila read, write na ioctl ishike mutex hiyo, itazame alama, na ikiikuta irudishe -ENODEV. Hitilafu hii imejaa kwenye draiva nyingi kwa sababu devm_kzalloc ilipokelewa kama dawa ya kila ugonjwa. Ni dawa nzuri kwa kile kisichoonekana nje ya draiva.

## Dalili: maonyo ya kaunta

Haya ni mepesi. "Trying to free already-free IRQ" maana yake intarapti iliombwa kwa devm_request_irq na mtu akaita free_irq ndani ya remove. Ondoa wito huo. Onyo ndani ya _regulator_put ni regyuleta iliyoachiwa ikiwa bado imewashwa. "Unbalanced pm_runtime_enable!" ni probe ya awali iliyoshindwa bila kuita pm_runtime_disable; devm_pm_runtime_enable inaondoa tatizo. Kifaa kisicholala kamwe baada ya kosa moja la kuamka kinaelekeza kwa pm_runtime_get_sync, inayopandisha kaunta hata inaposhindwa. Badilisha iwe pm_runtime_resume_and_get, iliyopo tangu 5.10.

## Kuhakikisha, na kutuma kiraka

Rudia mizunguko yote miwili ya mwanzoni, mara hii programu fulani ikiwa imeshika /dev/kipimo wazi na chipu ikipiga intarapti kwa kasi iwezavyo. Kimya cha KASAN bila mzigo hakina uzito, kwa sababu mianya ya mpangilio hufunguka pale tu kifaa kinapokuwa na shughuli.

Tenganisha viraka: kinachorekebisha mpangilio kiende peke yake, kinachohamisha draiva kwenda devm kiende baada yake, ili cha kwanza kiweze kuchukuliwa na kerneli za muda mrefu bila kubeba mabadiliko yasiyohitajika. Katika maelezo andika rasilimali ipi, njia ipi ya kushindwa, na ujumbe wa dmesg kama ulivyotokea. Chini yake weka mstari wa Fixes: wenye herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta hitilafu, unayoipata kwa git blame kwenye mstari wenye kosa, na Cc: stable@vger.kernel.org.